Nani Anatia Mafuta Gari la Polisi?

 

Leo nataka tuwazungumzie polisi. Najua nikitaja neno hilo kuna mkono huko unaotafuta stesheni nyingine. Tulia kidogo. Sikuja kuwatukana, wala sikuja kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nina swali, na nitalirudia mara kadhaa kabla hatujaagana, kwa hiyo likumbuke. Serikali yetu ya Kenya inapotangaza kwamba imewaletea polisi magari mapya, na kwamba vijana 10,000 wataandikwa kazi, ni nani atakayegharamia mambo mengine yaliyobaki?

Maana sherehe tumeziona sote kwenye runinga. Land Cruiser zimepangwa safu, rangi inang'aa, taa za buluu zinawakawaka mchana kweupe. Mkubwa anampa mkubwa mwenzake ufunguo, kamera zinafanya kazi yake, hotuba inasomwa, na jioni habari inakuwa moja: usalama umeimarishwa. Haya. Lakini mimi na wewe hatuishi kwenye ile sherehe. Tunaishi kule gari linakopelekwa.

Tuseme ni saa nane za usiku. Tuseme ni Mumias, au Kilifi, au Maralal, pachague wewe. Mama mwenye duka anasikia mlango unavunjwa. Anashika simu, anapiga kituoni, na kwa bahati inapokelewa. Sauti upande wa pili ni ya upole kabisa. "Pole sana, mama. Tumekusikia. Gari lipo, lakini halina mafuta. Una namna ya kutusaidia na mafuta kidogo?"

Wangapi kati yenu mmewahi kusikia jibu hilo? Hebu inua mkono hapo ulipo, hakuna anayekuona. Naamini mikono ni mingi, na ya walio mijini imo. Wengine hawakuombwa mafuta usiku, waliombwa mchana, kesi yao ilipohitaji askari aende kumkamata mshukiwa mtaa wa tatu. Wengine waliombwa pesa za kutoa nakala ya fomu ya P3, ile ya kuthibitisha majeraha, ambayo hutolewa bure. Wengine walikodi bodaboda mbili: moja ya kumbeba afisa kwenda, nyingine ya kumrudisha yeye na mshukiwa.

Sasa hapa wengi wetu tunakimbilia kusema, polisi ni walafi. Subiri. Mgala muue na haki yake mpe. Yule konstebo wa zamu anayekuomba mafuta, mara nyingi anasema kweli. Gari halina mafuta. Mkuu wa kituo, yaani OCS, amepewa gari lenye tangi kubwa na mgao mdogo, na mgao huo ukiisha katikati ya mwezi, wezi hawasubiri tarehe mosi. Karatasi za ofisini zikiisha, inabidi anunue mwenyewe. Mahabusu wanataka kula. Taa ya kituo ikiungua, mtu ainunue. Pesa hizo zinatoka wapi?

Kwa miaka mingi bajeti ya polisi ilikaa chini ya Ofisi ya Rais. Inspekta Jenerali, ambaye Katiba ya 2010 inampa amri juu ya polisi wote, alikuwa anaamrisha watu bila kushika mfuko. Mwezi wa Septemba 2022, siku alipoapishwa, Rais William Ruto alitangaza kwamba mfuko huo unahamishiwa kwa Inspekta Jenerali mwenyewe. Ilikuwa hatua nzuri, nami niliipigia makofi. Lakini safari ya shilingi kutoka Jogoo House, makao makuu ya polisi Nairobi, hadi kwenye kituo kidogo cha Wamba au Kiunga bado ni ndefu, na njiani kuna vituo vingi vya kupumzika. Kuuhamisha mfuko kutoka ofisi moja kubwa kwenda ofisi nyingine kubwa hakumjazii OCS tangi.

Kwa hiyo swali letu linarudi. Gari limeletwa. Nani anatia mafuta?

Ngoja nikupe kidogo historia ya haya magari, kwa sababu si kweli kwamba serikali haijawahi kujaribu. Wenye umri wangu wanazikumbuka jeep za Mahindra kutoka India. Zilinunuliwa kwa kishindo, na si muda mrefu nyingi zikawa zimepumzika nyuma ya vituo, zimekaa juu ya mawe, kuku wanataga ndani. Nenda hata leo katika kituo chochote cha zamani, zunguka nyuma. Utakuta makaburi ya magari. Yapo ya ajali, yapo ya vielelezo vya kesi ambazo hakimu wake amekwisha staafu, na yapo ya polisi wenyewe, yaliyokufa kwa ugonjwa mdogo tu wa klachi au pampu, kwa sababu hakukuwa na pesa ya kipuri.

Ndipo mwaka 2013, utawala wa Rais Uhuru Kenyatta ukaja na mpango mwingine: tusinunue, tukodi. Mpango wenyewe ni rahisi kuuelewa. Kampuni inaleta gari jipya, serikali inalipa kodi kwa miaka kadhaa, na matengenezo ni juu ya mwenye gari. Likiharibika, anatengeneza yeye. Muda ukiisha, analichukua gari lake. Katika mambo yaliyofanywa kuhusu polisi, hili mimi nalihesabu miongoni mwa ya busara. Linatibu ule ugonjwa wa gari kukaa juu ya mawe. Vituo ambavyo havikuwahi kuona gari jipya tangu bendera ya mkoloni iteremshwe vilipata Land Cruiser inayowaka kwa ufunguo mmoja tu.

Lakini mkataba wa kukodi una tabia yake. Kodi ni lazima ilipwe kila muda ukifika, gari liwe limefanya doria au limelala. Mafuta, kwa upande mwingine, hayana mkataba wa namna hiyo. Ni fungu linaloweza kupunguzwa pesa zikiwa haba Hazina. Unaona linalotokea? Mwaka wa dhiki, kinachokatwa ni kile kinachofanya gari litembee. Tunabaki tunalipia magari yaliyosimama. Usinielewe vibaya: sisemi turudi kununua. Nasema anayetia saini ya gari aitie na ya mafuta yake, ukurasa huohuo, siku hiyohiyo.

Halafu kuna jambo la gari lenyewe kufaa pale linapokwenda. Hili tunalipita haraka mno. Kenya si nchi ya barabara moja. Gari linalofaa Kisumu mjini si lile la Lamu ndani, njia ya msitu wa Boni, wala la Mandera, ambako maafisa wengi wamekufa kwa mabomu yaliyotegwa barabarani wakiwa ndani ya magari ya kawaida ambayo hayana kinga. Na hata gari lenye kinga si dawa ya kila kitu. Polisi wetu walipokwenda Haiti kuanzia Juni 2024, walipewa na Marekani magari makubwa ya deraya. Kumbe barabara za Port-au-Prince, mitaro iliyochimbwa na magenge na ugumu wa kupata vipuri vikawa adui wa pili. Magari yaliharibika, mengine yalikwama, na wenzetu walikuwa ndani. Usione vyaelea, vimeundwa, na vilivyoundwa bila kuuliza vitaelea wapi huzama.

Basi hayo ni ya magari. Sasa tuje kwa vijana, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo leo.

Siku ya kuandika makurutu unaijua. Uwanja wa michezo wa mji mdogo, alfajiri, umande bado upo. Vijana mamia kwa mamia, wamebeba bahasha ya kaki yenye vyeti na kitambulisho. Wavulana wanavua mashati. Wanapimwa urefu, wanakimbizwa raundi za uwanja wakiwa miguu mitupu, wanaambiwa nyoosha mikono, panua mguu, fungua mdomo. Ndiyo, fungua mdomo, meno yahesabiwe. Cheti cha KCSE kiwe angalau na wastani wa D plus, na umri usizidi miaka 28. Kutoka katika ule umati, pengine wanatakiwa ishirini, pengine thelathini, na jioni waliobaki wanarudi nyumbani na bahasha zao, wengine wana shahada ya chuo kikuu.

Na kila mzazi aliyesimama pembezoni mwa uwanja ana swali moja ambalo halisemwi kwa sauti. Yule aliyechukuliwa, amechukuliwa kwa mbio zake au kwa bahasha nyingine, ile isiyo na vyeti?

Tuseme ukweli. Penye udhia penyeza rupia, wahenga walisema, na katika uwanja huu udhia ni mwingi. Mtaani bei inatajwa waziwazi kama bei ya mahindi. Laki tatu. Laki nne. Mwaka mwingine utasikia zaidi. Mzee anauza ng'ombe, anauza kipande cha shamba, mama anachukua mkopo kwa chama, ndugu wanachangishana, na pesa zinakwenda kwa mtu anayemjua mtu. Wengine wanatapeliwa palepale, mtu anayemjua mtu hamjui mtu yeyote. Wengine wanafanikiwa.

Huyo aliyefanikiwa, tumfuate. Usimwache hapo uwanjani. Amekwenda chuo cha polisi cha Kiganjo, kule Nyeri kwenye baridi, amefunzwa, amepiga gwaride mbele ya Rais, mama yake amelia kwa furaha jukwaani. Anapangiwa kituo. Ana deni la laki nne. Mshahara wa konstebo unatosha sukari, kodi ya chumba na nauli ya kwenda likizo. Deni atalilipa na nini?

Atatafuta barabara. Ataomba apelekwe trafiki, au kwenye kizuizi kinachopitisha malori. Na akiomba kupelekwa huko, ataambiwa mkono mtupu haulambwi. Kwa hiyo sasa ana madeni mawili. Asubuhi anasimama barabarani, na makanga wa matatu anampa hamsini iliyokunjwa ndani ya kiganja, na wewe abiria unaiona, unageuza uso dirishani. Hiyo hamsini imo ndani ya nauli yako, mpenzi msikilizaji. Imo ndani ya bei ya nyanya zilizopita usiku kwenye lori. Wewe ndiye unayelilipa lile shamba lililouzwa.

Labda unasema natunga. Tukumbushane jambo moja tu. Baada ya Katiba mpya, Tume ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi, wakati huo chini ya mwenyekiti Johnston Kavuludi, ilianza kuwapiga msasa maafisa, mmoja mmoja. Kazi ilianza mwishoni mwa 2013. Ilipofika zamu ya trafiki, waliambiwa walete taarifa za M-Pesa. Nchi nzima ilikaa mbele ya runinga kama inatazama mpira. Maafisa wa ngazi za chini walikutwa na miamala ambayo mshahara wao haungeweza kuieleza, na walipoulizwa, tulisikia habari za ndugu, za kuku, za mashamba. Lililonigusa zaidi lilikuwa upande pesa zilikokuwa zinaelekea. Wadogo walikuwa wanawatumia wakubwa. Katika kazi nyingine zote mkubwa ndiye humtumia mdogo. Humu, konstebo anamtumia bosi wake, na bosi hawezi kueleza ni za nini.

Kwa hiyo turudie, ili tuwe pamoja. Gari lisilo na mafuta linatiwa mafuta na mwananchi. Na kijana aliyenunua nafasi, nafasi yake inalipiwa na mwananchi huyohuyo. Tangazo ni la serikali, malipo ni yako. Hilo ndilo ninalotaka kulisema jioni ya leo, na mengine yote nayasema ili hilo lisimame.

Haya, je, hakuna aliyejaribu kuuzuia uuzaji huu wa nafasi? Yupo, na kisa chake ni kizuri kukijua.

Julai 2014 makurutu 10,000 waliandikwa nchi nzima kwa siku moja. Mamlaka huru inayowasimamia polisi, IPOA, ilikuwa imewatuma watu wake viwanjani kuangalia. Waliyoyaona yaliwafanya waende mahakamani. Tarehe 31 Oktoba mwaka huo, Jaji Isaac Lenaola wa Mahakama Kuu akalifuta zoezi lote kwa sababu ya ufisadi na ukiukaji wa taratibu. Lote, nchi nzima. Fikiria wewe ni kijana uliyepita kwa mbio zako halali, umekwisha aga nyumbani, unaambiwa uanze upya. Iliuma. Lakini kwa mara ya kwanza nchi iliambiwa na mahakama kwamba nafasi ya polisi haiwezi kuuzwa, na ikiuzwa, mauzo ni batili.

Kisha ikaja Aprili 2, 2015. Garissa. Hilo jina nikilitaja najua wengine mnapoteza sauti. Watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Washambuliaji waliingia alfajiri. Kikosi maalum cha Recce, kilichokuwa Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo, hakikufika hadi mchana, na chuo kilikombolewa jioni. Waandishi wa habari walitangulia kufika. Kikosi kilikuwepo, watu walikuwepo, mafunzo yao ni ya kiwango cha juu. Kilichokosekana ni namna ya kuwafikisha kwa wakati.

Na jibu la serikali lilikuwa nini? Rais Uhuru Kenyatta aliagiza wale makurutu 10,000 waripoti chuo cha polisi mara moja, licha ya uamuzi wa mahakama. Naelewa uchungu uliokuwepo siku ile, nchi ilikuwa inazika watoto wake. Ila hebu tuwaze pamoja. Tatizo la Garissa lilikuwa uchache wa makurutu? Au lilikuwa ndege, na amri, na nani anaamka saa kumi na moja alfajiri akaambiwa nenda? Mwezi uliofuata Mahakama ya Rufani ilishikilia kwamba zoezi lile lilikuwa batili. Lakini desturi ilibaki, na mpaka leo tunayo: likitupata janga, tunatangaza idadi.

Idadi haipigani yenyewe. Nitawakumbusha na Suguta, bonde lile la joto na miamba karibu na Baragoi, Samburu. Novemba 2012 polisi walitumwa kuwafuata wezi wa mifugo. Wakaingia kwenye mtego. Zaidi ya 40 waliuawa, na wengi wao walikuwa vijana waliotoka chuoni karibuni, hawajaijua ardhi ile, wanapambana na watu waliozaliwa juu ya mawe yaleyale. Tuliwaongezea polisi idadi, tukawapeleka bila ujuzi wa mahali. Familia zao ndizo zilizolipa, na hapa sina mzaha wowote wa kuongeza.

Sasa tuingie katika la karibuni, nitalipita upesi kwa sababu mawakili wamelizungumza vya kutosha. Mwaka 2025 tena zilitangazwa nafasi 10,000, na tena tukafika mahakamani, safari hii kwa swali la nani mwenye haki ya kuajiri: ni Tume, au ni Inspekta Jenerali? Katiba, kifungu cha 246, inasema Tume itaajiri na kuteua. Mahakama ya Uajiri, mwishoni mwa Oktoba, ikasema kazi hiyo ni ya Inspekta Jenerali. Novemba vijana wakakimbia viwanjani. Wanasheria wataendelea kuvutana, na waendelee, ndiyo kazi yao. Mimi nasema hivi: kwa kijana aliye kwenye umande asubuhi ile, aliyetumwa na Tume na aliyetumwa na Inspekta Jenerali wote ni sawa ikiwa orodha imeshaandikwa usiku wa kuamkia siku hiyo.

Kuna wasikilizaji wanaoniambia, hasa vijana: wewe unawaombea polisi mafuta, na sisi tunaziogopa hizo gari zao. Nawasikia. Tangu maandamano ya vijana ya Juni 2024 tumeona vijana wakibebwa na watu waliofunika nyuso, ndani ya Subaru zisizo na namba au zenye namba za kubandika. Ajabu, magari hayo hayaishiwi mafuta. Hayasubiri mgao wa mwezi. Yanaweza kumfuata kijana mmoja kutoka mtaa hadi mtaa kwa siku nzima, ilhali mama wa duka la saa nane usiku anaambiwa pole. Basi mtu akikwambia tatizo ni uchache wa magari, muulize kwanza yaliyopo yanatumika kufanya nini. Mafuta yanakwenda kule mwenye amri anakotaka yaende. Hilo nadhani halihitaji mtaalamu.

Na bado nasema polisi wanahitaji magari, na wanahitaji watu. Sote tunajua kituo kinachohudumia lokesheni tatu kwa maafisa wachache, mmoja yuko mahakamani, mmoja analinda benki, mmoja ni mgonjwa, na mmoja anamsindikiza mheshimiwa. Tunaye afisa anayeishi na mke na watoto chumba kimoja kilichogawanywa kwa shuka, na upande wa pili wa shuka kuna familia ya mwenzake. Ripoti zimeandikwa. Kikosi kazi cha Jaji mstaafu Philip Ransley kiliandika mwaka 2009, na kile cha Jaji Mkuu mstaafu David Maraga kikakabidhi ripoti yake mwaka 2023. Ukizisoma zote mbili, unaona maneno yaleyale ya makazi, mishahara na rushwa, miaka kumi na minne imepita katikati. Hatukosi ripoti.

Tunaelekea mwisho, na sitaki kukuacha na malalamiko matupu. Mambo mawili naomba tuyadai, na yote hayahitaji sheria mpya.

La kwanza ni mafuta. Kila kituo kina ubao wa matangazo pale mlangoni, umejaa picha za watu wanaotafutwa na karatasi zilizofifia. Naomba pabandikwe karatasi moja kila mwezi: kituo hiki kimepokea lita kadhaa za mafuta, gari limekwenda kilomita kadhaa, fedha za matumizi ya kituo zilizofika ni kiasi hiki. Basi. Si siri ya taifa. Jambazi hatajifunza chochote humo, lakini OCS atakuwa na ushahidi wa kuwaonyesha wakubwa, na wewe ukiombwa mafuta utajua kama unaombwa kwa haja au kwa ujanja. Kaunti kadhaa zimewahi kujitolea kuwanunulia polisi magari na mafuta, na si vibaya, lakini hata hizo zieleze. Sheria ya polisi ya 2011 ilitaka kila kaunti iwe na mamlaka ya usalama yenye gavana na raia ndani yake, ambapo maswali kama haya yangeulizwa. Kwa miaka mingi, katika kaunti nyingi, mamlaka hizo zimebaki kwenye karatasi. Ukikutana na gavana wako, muulize.

La pili ni uwanja. Siku ya makurutu, kila kijana apewe namba kifuani, na matokeo yake ya mbio, ya urefu na ya vyeti yasomwe kwa kipaza sauti na kubandikwa ukutani kabla jua halijatua na kabla gari la wakubwa halijaondoka. Aliyeshinda ajulikane ameshinda kwa nini. Aliyeshindwa ajue ameshindwa wapi. Wanahabari waruhusiwe, makanisa na misikiti iruhusiwe, IPOA iwepo. Ni jambo la saa mbili.

Na kwa mzazi anayenisikiliza, uliye na kijana mrefu, mwenye mbio, mwenye D plus yake au zaidi, na tayari kuna jirani amekuja jioni na maneno ya chini kwa chini kwamba kuna mtu anamjua. Nakuomba, usiuze shamba. Ukiuza, mwanao anaingia kazini akiwa na deni la kuwanyang'anya majirani zako. Huyo jirani mwenye maneno, taarifa zake zipeleke kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, mapema, kabla ya siku ya uwanja. Mwache kijana akimbie.

Mimi nakuaga hapa. Kama kituo chako kimewahi kukuomba mafuta, au kama wewe mwenyewe ni afisa na umewahi kutia mafuta gari la serikali kwa pesa ya mfuko wako, tuandikie, jina tutaliweka kando. Usiku mwema.